Blanketi la milia linapokataa kulala sawa: dalili, vyanzo na tiba

Blanketi kubwa la kroshia lenye milia ya rangi nyingi, ambalo kila mlia una mshono wake, lina tabia moja inayolitofautisha na vitambaa vya makochi ambavyo wengi wetu hapa Tanga tulianza navyo: kosa lake huchelewa kuonekana. Kitambaa cha kochi huanzia katikati na kuzunguka, na ukikosea hesabu utaona kabla ya mizunguko mitatu kwisha kwamba kimeanza kujikunja. Blanketi la mita moja na nusu kwa mita mbili hukaa mapajani likiwa limekunjwa, mfumaji akiona mistari minne au mitano tu ya juu, na kosa la mlia wa tatu hugunduliwa akiwa ameshafika mlia wa kumi na tano. Kwa sababu hiyo nimeanza na kile ambacho jicho huona, kisha nikarudi nyuma hadi mahali kosa lilipozaliwa, na mara nyingi mahali hapo ni pale pale: mpaka wa mlia na mlia, ambapo rangi na mshono hubadilika kwa wakati mmoja.

Ili tusipotezane katika majina, mstari ni safari moja ya sindano kutoka ukingo hadi ukingo, na mlia ni mistari yote ya rangi moja. Mshono mfupi ni ule usiozungushiwa uzi kwenye sindano kabla ya kuingia. Mshono wa kati na mshono mrefu huzungushiwa uzi mara moja, na tofauti yao ni kwamba wa kati humalizwa kwa kuvuta vitanzi vyote vitatu kwa pamoja. Mshono mrefu zaidi huzungushiwa mara mbili. Ukifuata maelekezo ya Kiingereza na milia yako ikatoka mirefu au mifupi kuliko ilivyoandikwa, tazama kwanza yametoka nchi gani. Mshono mfupi, ambao Wamarekani huupa jina lenye maana ya moja, Waingereza huupa jina lenye maana ya mbili, na mshono mrefu ambao kwa Wamarekani ni mbili kwa Waingereza ni tatu. Maelekezo yanayotaja mshono wa moja ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawana mshono wenye jina hilo.

Kabla ya kufumua chochote

Blanketi langu la kwanza la aina hii nililifuma kwa ajili ya dada yangu aliyeolewa Lushoto, ambako baridi ya Juni na Julai hudai kitu kizito kuliko shuka. Nilipolitandaza kwenye mkeka barazani kwetu Ngamiani, upande wa juu ulikuwa umeupita wa chini kwa upana wa kiganja, nami nikashika ncha ya uzi, tayari kufumua kuanzia juu. Bibi yangu, ambaye hajawahi kushika sindano ya kroshia lakini amesuka ukili tangu utotoni, alinizuia. "Usifumue, mjukuu wangu, bado hujajua unafumua nini," alisema, kisha akapiga magoti akapima kwa shibiri, si juu na chini peke yake, bali kwenye kila mpaka wa rangi. Mlia wa buluu ulikuwa shibiri sita na nusu, wa manjano sita na nusu, wa makombe mekundu (kombe ni mishono mirefu kadhaa iliyofumwa mahali pamoja ikatanuka kama kombe la baharini) saba kasoro kidole, na kuanzia hapo hadi juu upana haukurudi tena. Niliposogea nikahesabu, mlia wa makombe ulianza na mishono 181 ukaisha na 193, kwa sababu kila nilipofika ukingoni nilifuma kombe zima mahali palipotaka nusu kombe.

Kipimo kile ndicho ninachoanza nacho hadi leo, ingawa natumia tepu ya fundi cherehani. Tandaza blanketi mahali pa bapa, lisivutwe upande wowote, upime upana katikati ya kila mlia na kwenye kila mpaka, na uandike. Majibu huwa ya aina mbili. Upana ukibadilika kwenye mlia fulani na usirudi tena katika milia inayofuata, idadi ya mishono imebadilika. Upana ukibadilika na kurudi baada ya mlia ule kwisha, idadi ni salama. Kilichobadilika ni asili ya mshono, sindano, uzi au mkono wako. Tiba za magonjwa haya mawili hazifanani, na mtu anayezichanganya hufumua kazi ya wiki mbili bila faida.

Blanketi linapungua au kuongezeka taratibu kuelekea juu

Hapa tatizo liko mwisho wa mstari. Mshono mrefu huanza na minyororo 3 ya kugeuzia, yaani vitanzi vitupu vinavyoinua kazi hadi kimo cha mstari mpya, na minyororo hiyo ama huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza, ama haihesabiwi. Ikihesabiwa, uruke mshono ulio chini yake mwanzoni mwa mstari, na mwishoni ufume juu ya minyororo ya mstari uliopita. Mfumaji anayeruka mwanzoni halafu akasahau kufuma juu ya minyororo mwishoni hupoteza mshono mmoja kila mstari. Asiyeruka mwanzoni na bado akafuma mwishoni huongeza mmoja kila mstari. Mistari 60 baadaye, mshono huo mmoja umekuwa mishono 60.

Wapo wanaokosea pande zote mbili kwa namna inayofidiana: wanaongeza mwanzoni na kuruka mwishoni. Hesabu yao hutoka sahihi kila mara, lakini ukingo huota meno, kwa sababu minyororo ya kugeuzia hubaki imetokeza nje ya mishono. Ukiona ukingo wenye meno na idadi isiyo na kasoro, ujue hiyo ndiyo sababu. Mimi hupendelea kutoihesabu minyororo kabisa na kupunguza kutoka 3 hadi 2, ili ibane na isitokeze. Hesabu inakuwa nyepesi na tundu lile linaloonekana ukingoni baada ya minyororo 3 linatoweka. Chagua njia moja na uibakize tangu mlia wa kwanza hadi wa mwisho, maana kuchanganya ndiko kunakoharibu.

Chomeka pini ndogo, ile ya kufungia ushungi, kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari, na nyingine kila baada ya mishono 20. Kuhesabu mishono 181 moja kwa moja huku wageni wakibisha hodi ni kazi isiyokamilika, bali kuhesabu mafungu tisa ya ishirini na mmoja wa ziada huchukua dakika moja.

Idadi ni sahihi, lakini blanketi lina viuno na matumbo

Hili ndilo tatizo la blanketi lenye mishono mbalimbali hasa, na ndilo linalokatisha tamaa wengi, kwa sababu mfumaji amehesabu, amehakikisha, na bado kingo zinaingia na kutoka. Mishono hailingani upana. Vifundo, yaani mishono mirefu minne au mitano iliyofungwa pamoja kichwani, huvuta jirani zao na kulibana blanketi. Mishono ya kuinuka, ambayo huzungushwa kwenye shina la mshono wa chini badala ya kuingia kichwani mwake, hubana vilevile. Makombe, kwa watu wengi, hutanuka, na mshono mfupi unaopokezana na mnyororo mmoja hutegemea sana mkono: anayefuma minyororo legevu hupata mlia mpana, anayebana hupata mwembamba.

Tiba ni sampuli, na ninasema hivi nikijua kwamba karibu kila mtu huiruka. Fuma mishono 25 kwa kila aina utakayoitumia, kila moja urefu wa sentimita 8 hivi, kwa uzi na sindano ileile, upime upana. Sampuli yangu ya mshono mrefu ilitoa sentimita 19 kwa sindano ya milimita 5. Ya vifundo ilitoa 18. Sentimita moja inaonekana ndogo, lakini blanketi la mishono 181 ni zaidi ya mara saba ya sampuli, kwa hiyo tofauti ile ingekuwa zaidi ya sentimita 7, upana wa kiganja cha mtu mzima.

Baada ya kujua tofauti, badili sindano kwanza. Mlia unaobana ufume kwa sindano iliyozidi kwa nusu milimita, na unaotanuka kwa iliyopungua nusu milimita, kisha upime sampuli upya. Nusu milimita haikutosha? Ongeza nusu nyingine, ila angalia mshono usilegee hadi kidole kipenye. Kubadili idadi ya mishono ninakuweka mwisho, kwani ukipunguza mishono 6 kwenye mstari wa kuingilia mlia wa makombe, mmoja kila baada ya mishono 30 hivi, itakubidi uirudishe yote 6 kwenye mstari wa kutokea, na hapo ndipo watu husahau. Wasusi wa ukili hawashonei pamoja vipande vya mkeka bila kwanza kuvilaza sambamba na kuvilinganisha, na blanketi la milia lingepata afya ileile kama tungefanya hivyo kwa sampuli zetu.

Kama blanketi limeshafumwa nusu na hutaki kulifumua, pima tofauti. Kiuno cha sentimita mbili au tatu hurekebishwa na ukingo wa mwisho pamoja na kulilowesha na kulinyoosha. Kiuno kilichozidi hapo kitabaki, na ni afadhali kufumua mlia ule mmoja na iliyo juu yake.

Chanzo kingine cha viuno ni mkono wenyewe. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, viganja hutoka jasho, uzi hugoma kuteleza, na mfumaji hubana bila kujua. Mlia uliofumwa alfajiri na mlia uliofumwa saa nane mchana unaweza kutofautiana kwa kitambaa kilekile na mtu yuleyule. Weka kitambaa kikavu karibu, futa mikono na sindano kila baada ya mistari miwili, na usisimamishe kazi katikati ya mstari.

Mchoro haumaliziki mwisho wa mstari

Dalili ni kwamba umefika ukingoni na bado kuna mishono miwili isiyo na kombe lake. Kila mchoro una kigawo chake: makombe ya mishono mitano hula mishono 6 kwa kila kombe na mmoja wa kufungia, mshono mfupi na mnyororo hula 2 na mmoja. Mfumaji aliyeanza na mishono 175 anaweza kuyatosheleza makombe, kwa kuwa 174 hugawanyika kwa 6, lakini vifundo vya kila mshono wa nne vitamkwama. Ndiyo maana nimekuwa nikitaja 181. Toa mmoja, ibaki 180, na 180 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 9, 10 na 12. Kwa mkono wangu, unaotoa mishono 13 kwa sentimita 10, idadi hiyo huzaa blanketi la takriban sentimita 139. Anayetaka blanketi pana zaidi atumie 241, ambayo ina sifa karibu zilezile. Asiongeze mishono kumi au ishirini kwa kukisia.

Mlia wa mawimbi hutosha humohumo: mishono 181 hutoa vilele 15, ukifuma mishono mifupi mitatu ndani ya mmoja kileleni, minne ubavuni, na kuunganisha mitatu kuwa mmoja bondeni. Kinachosahauliwa ni kwamba mstari lazima uanze na uishe kwa kuunganisha mishono miwili kuwa mmoja. Ukiacha hilo, kila mstari huongeza mishono miwili na ncha za ukingo huanza kuning'inia.

Kuna lalamiko lingine kuhusu mawimbi: mlia wa kawaida uliofuata baada yake umebaki na mawimbi na hautaki kunyooka. Hauwezi kunyooka wenyewe. Kati ya mawimbi na mlia ulionyooka panahitajika mstari mmoja wa kujazia, wenye mshono mfupi juu ya kilele, wa kati na mrefu unapoteremka, na mrefu zaidi bondeni, halafu kurudi hivyo hivyo unapopanda. Kwa mawimbi yenye kina, rudia mara mbili. Mstari huo ukiufuma kwa rangi ya mlia unaofuata hupendeza sana, kwa sababu rangi huonekana imemwagwa ikajaa mabondeni.

Upande wa chini umejikunja kama tumbo la ngalawa

Minyororo ya kuanzia imebana kuliko mishono iliyo juu yake. Ifume kwa sindano iliyozidi milimita moja, kisha rudi kwenye sindano yako. Kama blanketi limeshafika mbali, mara nyingi unaweza kuikata minyororo ile kwa uangalifu, kuifumua kitanzi kwa kitanzi huku ukivishika vitanzi vya mstari wa kwanza kwa uzi wa rangi nyingine, kisha kuvifunga upya kwa mshono wa kuteleza, ule ambao uzi huvutwa moja kwa moja ndani ya vitanzi vyote, ulio legevu. Ni kazi ya muda mrefu, na inafaa kufanywa mchana penye mwanga.

Mipaka ya rangi haina usafi

Nukta za rangi ya zamani zikionekana ndani ya mlia mpya, rangi imebadilishwa kwa kuchelewa. Kila mshono humalizwa kwa mvuto mmoja wa mwisho, na kitanzi kinachotokana na mvuto huo ndicho kichwa cha mshono unaofuata. Kwa hiyo rangi mpya ishikwe kwenye mvuto wa mwisho wa mshono wa mwisho wa rangi ya zamani, si baada yake. Simama hapo kidogo: kwenye sindano kuna vitanzi viwili vya rangi ya zamani (vitatu kwa mshono wa kati), acha uzi wa zamani uning'inie nyuma, kamata uzi mpya, uupitishe ndani ya vitanzi vyote, kisha vuta ncha zote mbili taratibu hadi kitanzi kipya kikae sawa na wenzake.

Kama mpaka unaonekana kama mstari uliokatika katika vistari vidogo, badiliko limefanyika upande wa nyuma. Fuma kila mlia kwa mistari ya shufwa, 2, 4 au 6, na mabadiliko yote yatatokea upande mmoja wa blanketi, nao ndio utakuwa uso. Vifundo navyo vinataka kinyume chake: vifume ukiwa umeelekea upande wa nyuma, kwani hujitokeza kwenda upande usioutazama, na vilivyofumwa usoni hukimbilia nyuma na kukaa bapa.

Rangi moja ikionekana nyeusi kidogo katikati ya mlia, madonge hayakutiwa rangi kwa pamoja. Lebo huwa na namba inayoonyesha hilo, na mlia mmoja haufai kuchanganya namba mbili. Ukiwa na wasiwasi kama uzi utautosheleza mstari wa mwisho wa mlia, pima donge kwenye mizani ya jikoni kabla na baada ya mstari mmoja; uzito uliopungua ndio chakula cha mstari mmoja.

Ukingo wa kuzungushia umejaa mawimbi au umevuta pembe

Mawimbi yanasema umefuma mishono mingi mno ubavuni. Kujikunja kunasema umefuma michache. Kwenye mwisho wa mstari wa mishono mifupi, fuma mshono mfupi mmoja. Kwenye mstari wa mishono mirefu, fuma miwili. Kwa mshono wa kati, mitatu kwa kila mistari miwili. Kwenye kila pembe ya blanketi fuma mitatu mahali pamoja.

Rangi imechuja, au blanketi limebadilika baada ya kufuliwa

Nyuzi nyingi zinazouzwa sokoni bila lebo hazijulikani ni nini, na tiba ya kila moja ni tofauti. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, ukiwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu huungua kwa shida na hunuka nywele zilizoungua. Akriliki huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu isiyopondeka kwa vidole. Baada ya hapo unajua: sufu isifuliwe kwa maji moto wala kusuguliwa, maana husinyaa na kushikamana, akriliki isipigwe pasi, kwani joto huiua na blanketi hubaki limelegea kama tambara, na hakuna kurudi nyuma.

Rangi nyekundu na buluu iliyoiva za pamba zijaribiwe kabla ya kufumwa. Lowesha kipande, kifinye ndani ya kitambaa cheupe, kiache usiku kucha. Kitambaa kikishika rangi, lowesha uzi wote na kuusuuza hadi maji yatoke meupe kabla ya kuuweka jirani na mlia mweupe.

Blanketi la pamba lililorefuka lilianikwa kwenye kamba. Pamba iliyolowa ni nzito, na mishono mirefu hunyooka kwa uzito huo. Lilaze kwenye mkeka mahali penye upepo na kivuli, lisukume kwa viganja hadi vipimo vyake vya awali, ligeuze mara moja kwa siku. Hapa kwetu, unyevu wa masika ukiwa umetanda, likauke kabisa kabla ya kukunjwa, hata kama ni siku tatu, kwa kuwa ukungu ukiingia katikati ya vifundo hautoki.

Madoa ya rangi ya chai yasiyotokana na chai hutoka kwenye sindano ya chuma iliyoshika kutu kwa hewa ya bahari. Tumia ya alumini, na usiache sindano yoyote ndani ya kazi usiku kucha.

Ncha zinachomoka

Ncha iliyokatwa fupi, au iliyofungwa fundo tu, itatoka, hasa kwenye akriliki inayoteleza. Acha sentimita 15, uipitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya mishono ya rangi yake, kwenda, kurudi, kisha kwenda tena kwa mstari mwingine, na ulivute blanketi kidogo pande zote kabla ya kukata. Zifiche ncha kila mlia unapokwisha, kwa sababu blanketi la milia 30 lina ncha 60, na anayezingojea zote kwa siku moja ndiye anayezikata fupi.